JzU ya walimu wa sayansi: tufanyeje uchunguzi uingie darasani, usiishie kwenye andalio la somo?

Mwl wa Tengeru
Habari za majukumu, walimu wenzangu. Nafundisha Fizikia sekondari huku Tengeru, na mkuu wa shule amenikabidhi Jumuiya ya Ujifunzaji (JzU) ya walimu wa sayansi, hizi za MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unataka mwanafunzi achunguze mwenyewe, na maandalio yetu yameandikwa hivyohivyo: "wanafunzi katika vikundi wachunguze…" Ingia darasani sasa. Mwalimu yuko ubaoni, watoto wananakili. Vikao vyetu navyo ni mmoja kusoma moduli kwa sauti, wengine tunasaini mahudhurio. Walimu hawa si wavivu, nawajua. Ila tangu msingi mpaka chuo hakuna aliyewahi kufundishwa yeye mwenyewe kwa njia hiyo. Nianzie wapi?

Baba Neema
Mkuu, hoja ni muda. Kidato cha Pili kina upimaji wa taifa, mkondo una watoto zaidi ya 70, maabara ni moja. Uchunguzi mmoja unakula vipindi viwili. Mada zitaisha lini?

Mwalimu Kibosho
Pole na kazi, mwalimu. Mimi nakushauri kikao kijacho uache moduli kabatini. Wape walimu kitu cha kuchunguza ambacho jibu lake hawana.

Sisi huku Kibosho tulichemsha maji. Jiko la mchina, sufuria, vipimajoto viwili. Kitabu kinasema nyuzi 100. Maji yakatokota mpaka yanamwagika, kipimajoto kimeng'ang'ania 95. Mwalimu wa Kemia akasema kifaa kibovu. Nikamuuliza, tutajuaje? Wakabishana, mmoja akafuata barafu dukani, na kwenye barafu inayoyeyuka vyote viwili vikasoma sifuri. Kifaa ni kizima. Basi ni chumvi kwenye maji? Chumvi ingepandisha nyuzi, isingeshusha. Aliyetutoa hapo ni mwalimu wa Jiografia, aliyekuwa ameingia kuchaji simu tu: kaka yake ni mpagazi wa Kilimanjaro, na siku zote husema kule kambi za juu maharage hayaivi. Tukapiga simu. Moshi mjini mwenzetu akachemsha, 97. Tanga, pale ufukweni, 100. Tukaandika ubaoni mwinuko wa kila mahali na usomaji wake, wakaona wenyewe kwamba kila ukipanda kama mita 300 inapungua nyuzi moja hivi. Mgandamizo wa hewa ukiwa mdogo, maji hayangoji joto kubwa ili yachemke.

Sikueleza chochote mpaka walipofika hapo. Ndipo tukafungua moduli, na kila sentensi ikawa na maana, kwa sababu walikuwa wametoka kukisia, kupima na kulitupa kisio lililoshindwa. Mwalimu asiyewahi kuonja hilo hata umpe semina ya wiki nzima atarudi na karatasi tu. Naamini hivyo kabisa.

Baada ya hapo, andaeni kipindi kimoja kwa pamoja. Mmoja afundishe, wengine mkae nyuma mkiwatazama wanafunzi: kikundi cha dirishani wamesema nini, nani hajagusa kifaa. Mkimtazama mwalimu atahisi wathibiti ubora wamefika, na ataigiza. Wajapani wameendeleza walimu wao hivi kwa zaidi ya karne, na Zambia walianza mwaka 2005 Jimbo la Kati na walimu wa sayansi.

Baba Neema, si kila mada, kaka. Chagua mbili tatu kwa muhula, zile watoto wanazokariri bila kuelewa. Mwanzoni swali na hatua vitoke kwako. Wakizoea, hatua wapange wao. Swali lao wenyewe litafuata. Na kwa watoto 70 inatosha sufuria moja mbele ya darasa, mradi kila kikundi kimeandika kisio lake kabla jiko halijawashwa.

Baba Neema
Hilo la kisio kabla ya jiko nalichukua. Halihitaji maabara.

Mwl wa Tengeru
Ahsante sana, mwalimu. Shida nyingine: nikisema wajadiliane kwa Kiingereza, darasa zima kimya.

Sakina Arusha
Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na nasema waache wabishane kwa Kiswahili. Mtoto hawezi kutafuta wazo na kutafuta neno kwa wakati mmoja. Wakishakubaliana, wape ubaoni maneno machache ya Kiingereza wanayoyahitaji na mwanzo wa sentensi, waandike hitimisho kwa lugha ya mtihani. Mkaribisheni mwalimu wa lugha kwenye JzU yenu, atawaandalia hayo maneno. Mimi nakaa na wenzangu wa Baiolojia kwa kazi hiyo, na sasa wanafunzi wanaandika aya zao wenyewe.

Mwl wa Tengeru
Nimeelewa. Tunachemsha Alhamisi baada ya kipindi cha mwisho, na mwalimu wa Kiingereza nimeshamwalika. Kwa mwinuko wetu nakisia 96, ila walimu siwaambii. Mlio Karatu, Same au Dar mwenye kipimajoto, naomba mchemshe siku hiyo mnitumie usomaji wenu hapa. Kipimeni kwanza kwenye barafu.