Ziwa Singidani: lifungwe liwe la ndege tu, au watu nao wana chao?

Alizeti Boy: Wakuu habari za jioni. Ziwa liko hapa hapa Singida mjini, ndege kama heroe (flamingo) na mwari wanashuka wenyewe, halafu ukitembea pembeni unakuta huyu kamwaga kifusi apate kiwanja, yule anaosha bodaboda povu linaelea mpaka kwa ndege. Mi nasema lifungwe, sheria ya mazingira ya 2004 ipo, uvuvi basi. Mnasemaje?

Mama Kuku: Lifungwe halafu tule heroe? Perege wa pale wamesomesha watoto. Kamateni wenye nyavu za matundu madogo, sio kila mtu. Na hao heroe wenu wenyewe kutaga wanaenda zao Ziwa Natron, hapa wapangaji tu.

Alizeti Boy: Mpangaji si anakula? Wanafuata vimwani vya kwenye maji ya magadi, hayo maji yakichafuka uone kama watarudi. Tatizo mama unajua bei ya samaki tu.

Fundi Bomba: Sheria hiyo inakataza shughuli za kuharibu ziwa ndani ya mita 60 toka ukingoni, kifungu cha 57. Sasa ukingo upi? Lile ziwa halina mto wa kutoa maji, masika likipanda linaingia hadi viwanjani kwa watu, kiangazi linarudi nyuma linaacha chumvi nyeupe pee. Aliyepima Oktoba na aliyepima Aprili nani yuko sahihi? Bikoni, zile alama za mpaka, ziko wapi?

Mgogo Original: Singida maneno mengi. Njooni jijini Dodoma mfundishwe kupanga mji.

Mama Kuku: Weee! Dodoma mtufundishe maji?? Bwawa lenu la Hombolo lenyewe mmeliachia lijae tope, bado kidogo mpande mtama katikati 😂

Mgogo Original: Heshima dada. Hombolo imejengwa 1957, imelisha watu samaki miaka yote hiyo. Tope linashuka na mvua toka huko juu wanakolima miteremko na ng'ombe wanamaliza nyasi, bwawa limekosa nini?

Mama Kuku: Miaka yote hiyo na bado mnaagiza kuku kwetu.

Fundi Bomba: Bikoni jamani.

Mgogo Original: Bikoni kamuulize mpima. Mama Kuku, jogoo pale Manyoni siku hizi mnauza shilingi ngapi, maana mnatupiga sana.

Mama Kuku: Njoo inboksi. Ila mtu wa Hombolo bei yake tofauti.