Loji ikifungwa masika, zile siku ni likizo ya nani?

Mpishi wa Karatu: Wakuu, loji ninayofanyia kazi hufungwa Aprili 1 hadi Mei 15. Mvua, matope hifadhini, wageni hakuna. Mwaka huu tumeambiwa siku 28 za mwanzo ndiyo likizo yetu ya mwaka, na zile 17 zinazobaki hazina mshahara. Karatasi zililetwa jikoni Machi 31 jioni, tukasaini juu ya kifuniko cha friza, watu kumi na mmoja kalamu moja. Juu imeandikwa "naomba likizo kwa hiari yangu". Hii ni haki?

Mtoto wa Mbauda: Hizo 28 huna hoja, mkuu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 31, inamwachia mwajiri kupanga uende lini. Ila akulipe kabla hujaondoka. Zile 17 ndizo za kugombania: wewe ulikuwa tayari kupika, geti kafunga yeye.

Mwalimu Mstaafu: Likizo ni siku 21 kwa sheria, msipotoshe watu.

Mtoto wa Mbauda: 21 ni Kenya, mwalimu, tena wao wanahesabu siku za kazi. Huku ni 28 mfululizo, Jumapili imo, Pasaka imo, Muungano imo.

Gesti Vyumba Tisa: Mnaongea kama waajiri tuna mashine ya kuchapa noti. Aprili nzima nimepangisha vyumba vinne, mshahara nikachimbe wapi? Na tusidanganyane, watu wa loji wanakula tipu za dola. Miezi kumi unavuna, miwili unalia?

Dada Mapokezi: Tipu za dola! Kaka, umewahi kuona hilo sanduku likifunguliwa? Dobi, bustani, jikoni, askari, wote humo humo. Julai, loji imejaa, nilipata elfu thelathini na mbili. Dola zinaishia kwa madereva.

Dereva wa Nyikani: Madereva tumeingiaje hapa? Mimi nalala kwenye gari, napanchi mara mbili kwa safari moja, mgeni akinipa chochote ni jasho langu. Na sisi Aprili hatulipwi hata hiyo likizo, tunalipwa kwa safari.

Dada Mapokezi: Jasho lako na kiyoyozi.

Dereva wa Nyikani: Njoo uendeshe Seronera hadi Ndutu wakati wa mvua ndipo uniambie kiyoyozi.

Bi Nungwi: Na kwetu hufungwa Aprili vilevile. Ila msitusomee hiyo ya 2004, Zanzibar tuna Sheria ya Ajira yetu, namba 11 ya 2005. Tipu nasi twazisikia tu.

Gesti Vyumba Tisa: Elfu thelathini na mbili juu ya mshahara, na bado analalamika. Nilichosema ni kipi kibaya?

Mtoto wa Mbauda: Kibaya ni kwamba tipu hutoi wewe. Mgeni akimpa mtu kitu, wewe ndiyo umelipa mshahara? Kama biashara imekushinda, punguza watu kwa utaratibu: toa taarifa, kaa nao mzungumze, lipa notisi na kiinua mgongo. Siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10, hufilisiki.

Gesti Vyumba Tisa: Ulishawahi kulipa mtu mshahara wewe, hata dada wa kazi?

Mpishi wa Karatu: Jamani, siku 17 zangu. Na nikienda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ile karatasi ya "hiari yangu" si itanifunga? Muda wa kufungua shauri ni siku 30 au 60?

Mtoto wa Mbauda: 30 ni kwa aliyeachishwa kazi. Madai mengine 60. Hujaachishwa, kwa hiyo 60, ila usisubiri. Nendeni wote kumi na mmoja, mkaeleze ilivyosainiwa. Watu kumi na mmoja hawawezi kuomba likizo ya hiari dakika moja, kwa maneno yaleyale.

Dereva wa Nyikani: Kabla hamjaenda, ufunguo wa hilo sanduku la tipu alikuwa anakaa nao nani?

Dada Mapokezi: Meneja.

Dereva wa Nyikani: Haya sasa. Na mimi ndiye niliyeitwa mwizi.