Mrejesho: kibodi au kipanya kwenye skrini ya kuingiza ankara

Wakuu, asanteni kwa michango. Niliuliza kama niondoe vitufe kwenye skrini yetu ya ankara, maana waingizaji wazoefu walitaka kibodi tupu ilhali wageni wanategemea kipanya.

Vitufe vimebaki. Kilichosaidia zaidi ni ushauri wa kuonyesha njia ya mkato (vibonye vya kibodi vinavyofanya kazi ileile) pembeni ya kila amri kwenye menyu: "Hifadhi", na kulia kwake Ctrl+S kwa rangi hafifu. Mtu anabofya, jicho linapita pale kila mara, mwishowe mkono wenyewe unahamia kwenye kibodi. Hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Kazi kubwa ilikuwa Tab, kibonye cha kuhama kisanduku hadi kisanduku. Ilikuwa inaruka kutoka jina la mteja hadi kitufe cha kufuta, kisha inarudi kwenye tarehe! Sasa inafuata mpangilio wa ankara ya karatasi, na kisanduku ulichopo kina mzingo mzito unaoonekana vizuri. Kwangu mimi hili linatangulia hata njia za mkato zenyewe.

Ctrl+W hatukuipa kazi, maana kivinjari kinaitumia kufunga kichupo.

Upande wa kipanya tumefuata kanuni ya mwanasaikolojia Paul Fitts ya 1954: kitu kikubwa na cha karibu hufikiwa haraka. "Hifadhi" imekuzwa na kuwekwa chini ya kisanduku cha mwisho, "Futa" iko mbali nayo.

Kilichobaki ni kupanga upya mistari ya jedwali bila kuburuta kwa kipanya. Nimeanza na Alt na mishale ya juu na chini. Aliyewahi kulifanya vizuri zaidi anielekeze.