Kikundi cha ukoo: Safari ya Bibi Uskoti

JUMATANO

20:14 Da Mwana (Glasgow): Asalaam aleikum ukoo. Viza ya Bibi imetoka, alhamdulillahi, anatua tarehe 9 Julai. Nataka majina ya wanaokuja safari ya kaskazini. Gari la kukodi lina viti 9. Hii ni mara ya tatu nauliza humu.

20:15 Da Mwana: Siku ya kwanza ni Blantyre, hapa jirani tu. Chumba alichozaliwa Livingstone, yule mmisionari, mwaka 1813 kipo bado. Chumba kimoja, familia nzima ililala humo. Alianza kazi kiwanda cha pamba ana miaka 10.

20:17 Da Mwana: Na Susi na Chuma wametajwa pale. Wale walioleta maiti yake Bagamoyo kwetu, Februari 1874, kwa miguu toka Chitambo, Zambia ya leo, alikofia. Hapo ndipo nataka Bibi asimame.

20:40 Da Mwana: Mbona kimya? Tiki za buluu naziona.

21:50 Baba Mkubwa Hamisi: Hivi wanaume wa huko wanavaa sketi kweli?

21:52 Juma Leicester: Baba Mkubwa ule ni msuli wenye marinda 😂😂

21:53 Baba Mkubwa Hamisi: Basi nitumieni picha nimwonyeshe fundi hapa

21:58 Da Mwana: Tafadhalini. Vazi hilo watu walitishiwa jela kwa ajili yake, miezi 6. Watu wa milima ya kaskazini walishindwa na jeshi la serikali vita vya Culloden 1746, serikali ikalipiga marufuku mpaka 1782. Vita vyenyewe havikutimia saa moja. Tutafika hapo, mawe ya makaburi yameandikwa majina ya koo.

22:30 Juma Leicester: 👍🏾

22:31 Da Mwana: Hiyo dole ni kiti au ni dole tu?

ALHAMISI

12:20 Shangazi Fatuma: Nasoma sasa hivi, nilikuwa zamu ya usiku. Halali tutapata njiani?

12:24 Da Mwana: Glasgow tele. Kaskazini tutabeba pilau yetu. Tutapita bonde la Glencoe pia. 1692 askari walikaribishwa majumbani, wakala chumvi ya wenyeji siku kama 12, kisha alfajiri wakawageuka. Inasemekana waliuawa 38.

13:02 Baba Mdogo (Maskati): Kula chumvi ya mtu kisha ukamuua! La haula.

13:05 Shangazi Fatuma: Wapo wanaokula chumvi wakauza minazi.

13:06 Baba Mdogo: Fatuma ya Kaole usiyalete humu.

13:06 Shangazi Fatuma: Kaole umeitaja wewe.

13:15 Juma Leicester: Jamani tuongee viti

13:16 Da Mwana: Nawaombeni. Mchango wa gari na petroli mwisho Jumapili.

IJUMAA

07:38 Bibi (anaandika Zuhura): Salaam wanangu na wajukuu. Nimesomewa yote. Mwana alinihadithia kwa simu habari za kanisa la Croick. Mwaka 1845 watu wa bonde la Glencalvie walitolewa kwenye nchi yao ili wawekwe kondoo. Wakalala makaburini nje ya kanisa na watoto wao. Wakakwaruza maneno kwenye vioo vya dirisha, na yapo mpaka leo. Nipelekeni hapo. Ngome za wafalme mkizikosa si neno.

07:41 Bibi: Operesheni Vijiji, mwaka 74, nilimbeba Hamisi mgongoni, babu yenu akabeba mlango wa nyumba kichwani. Mlango tu. Sisi hatukuandika popote.

07:42 Bibi: Ya Kaole nitayasema mwenyewe mkiwa mbele yangu wote wawili. Kwenye simu sitaki.

13:55 Baba Mkubwa Hamisi: Shikamoo mama. Nimesikia.

14:10 Shangazi Fatuma: Shikamoo mama.

16:47 Baba Mdogo: Shikamoo mama. Nitakuja.

17:03 Da Mwana: Bibi, tutakwenda tukitokea Inverness. Kutoka kijiji cha Ardgay ni kama kilomita 16, njia nyembamba, magari hayapishani ila kwenye vituo vyake. Vioo ni vidogo vidogo, vimekwaruzwa kwa nje, inabidi uinamishe uso karibu kabisa. Kwao ni Kigaeli lakini maneno ni ya Kiingereza. Moja linasema watu wa Glencalvie ni kizazi kiovu.

17:20 Bibi: Unafukuzwa kwako halafu unajiita muovu?

17:26 Da Mwana: Inasemekana walidhani Mungu anawaadhibu, Bibi.

17:31 Bibi: Masikini. Nitawaombea dua hapohapo.

18:15 Baba Mdogo: Mwana, natuma mchango wangu na wa Fatuma.

18:16 Shangazi Fatuma: Wangu natuma mwenyewe.

18:40 Da Mwana: Mpaka sasa viti 4: Bibi, mimi, Shangazi, Baba Mdogo. Zuhura niambie Bibi anatembea umbali gani bila kupumzika. Dereva wa pili ni Juma, sivyo?

19:30 Da Mwana: Juma?

22:12 Juma Leicester: Leseni yangu inaisha Juni, ngoja nicheki