Kufanya kazi mtandaoni huku unasafiri: faida yake iko wapi?

Mtembezi_wa_Korogwe
Wadau, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Mimi ni mfasiri, kazi zangu zote zinakuja kwa barua pepe, na kwa muda sasa sina makazi ya kudumu. Nikichoka joto la Dar napanda Lushoto, nikichoka baridi nashuka Tanga mjini, hela ikiruhusu navuka Zanzibar hadi Paje. Wenzangu waliobaki ofisini wananiona mtoro.

Faida ninazoziona: foleni ya Mbezi sasa naisikia redioni tu, mama yangu ananiona kuliko nilipokuwa nimeajiriwa, na chumba Lushoto ni nafuu kuliko Sinza. Hasara zipo pia. Umeme, bando, na mgongo, kwa sababu meza za gesti ni za kuwekea sahani, hazimfai mtu wa kuandika kutwa. Je, kwa Mtanzania au Mkenya wa kawaida hii ni njia ya kuishi kweli, au ni ujana tu?

Ushauri mmoja kwa anayeanza: usikae chumbani. Ingia mkahawani, agiza chai moja, soketi yao na Wi-Fi yao itakufikisha jioni.

BintiKilifi
Mimi nipo upande wa Kenya, nahudumia wateja wa kampuni ya Marekani kwa simu. Kabla hujamshauri mtu asafiri, muulize bosi wake anaishi saa za wapi. Saa tatu asubuhi ya New York kwangu ni saa kumi jioni, na wakishabadilisha saa zao mwezi wa Novemba inakuwa saa kumi na moja. Nikifunga kompyuta ni saa sita au saa saba usiku. Nilipohamia Watamu nilidhani nitaishi ufukweni. Jioni, watu wanapotoka, mimi ndiyo nafunga mlango. Binamu yangu aliolewa Malindi, nikahudhuria harusi nikiwa nyuma ya nyumba, karibu na masufuria ya pilau, vipokea sauti masikioni, namtuliza mteja wa Ohio aliyetozwa mara mbili. Vigelegele vikapanda, mteja akaniuliza kama kuna mtu ameumia. Bibi harusi nilimwona kwenye picha.

Mshahara ni mzuri, siukatai. Ila mwili unasafiri na kazi inabaki palepale.

Mama_wa_Mkahawa_Jambiani
Nimesoma mpaka hapo kwenye "chai moja" nikashindwa kuendelea. Mwanangu wa Korogwe, hiyo soketi ni ya nani? Uniti naingiza mimi. Umeme ukikatika, petroli ya jenereta nanunua mimi. Wewe umekaa tangu saa mbili na kikombe kimekauka, familia ya watu watano inachungulia, inaona meza imejaa waya, inakwenda kwa jirani. Mwezi uliopita waya wa kijana mmoja ulipita katikati ya njia, mhudumu wangu akajikwaa na sahani mbili za pweza. Yule kijana akanyanyua laptopu yake kwanza kutazama kama imemwagikiwa. Binti wa watu yuko chini, goti linavuja damu!

Unazungumza faida. Faida yako imetoka mfukoni mwangu.

Mtembezi_wa_Korogwe
Mama shikamoo. Sikusema watu wasinunue kitu. Lakini na nyinyi mmeandika mlangoni kwa herufi kubwa kwamba Wi-Fi ni ya bure. Mtu akiitumia, kosa lake nini? Mkahawa ukiwa mtupu mchana nao haupendezi, na mtu akipita akaona watu ndani anaingia.

Mama_wa_Mkahawa_Jambiani
Marahaba. Bure kwa mteja. Aliyeagiza chai saa mbili asubuhi, saa tisa si mteja tena, ni mpangaji asiyelipa kodi.

Dereva_Arusha
Mama amemaliza 😂

Chande_K
Tuwe wakweli, wanaoagiza chai moja ni sisi wenyewe. Wazungu wa laptopu wanakula asubuhi, wanakula mchana, jioni wanakunywa. Nimefanya kazi ya uhudumu Nungwi, nasema nilichokiona. Mbongo anakuja na maji yake kwenye begi.

BintiKilifi
Chande, hilo ni neno la kudhalilisha watu. Mzungu analipwa yuro, sahani ya samaki kwake si kitu. Mimi kwa bei hiyo hiyo nakula siku mbili. Ukimpima mtu kwa bili yake huku umesahau mshahara wake, hujampima.

Chande_K
Dada, mwenye mkahawa hapiki kwa kuangalia hati ya mshahara. Nimesema nilichokiona.

Mwalimu_wa_Paje
Ulichokiona ni mezani. Njoo uone upande wa pili. Nilipanga nyumba ya vyumba viwili kijijini kwangu, kodi kwa shilingi, tunaelewana na mwenye nyumba kama ndugu. Akaja mgeni mmoja wa hao wanaokula mara tatu, akaipenda, akataja dola. Nikapewa mwezi kutoka. Sasa hivi nasomesha Paje na kulala mbali, daladala asubuhi na jioni. Huyo mgeni hana ubaya, ananisalimia vizuri kabisa, "mambo, mwalimu." Lakini anakaa chumba nilichomlea mwanangu, na mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu. Akiondoka anaingia mwingine kama yeye. Mimi sirudi.

Na kina mama wa mwani nao waulizeni. Maji yakitoka pwani wanashuka kazini kwao, na siku hizi wanapigwa picha kama mapambo ya kazi ya mtu mwingine.

FundiKodi
Mwalimu, pole sana. Kuna jambo la sheria hapo. Kanuni za Tanzania zilizoanza Machi 2025 zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Huyo mwenye nyumba kutaja kodi kwa dola ni kosa.

Mwalimu_wa_Paje
Sasa ataitaja kwa shilingi zenye thamani ileile, nami nitazishindwa kwa lugha ya nyumbani. Asante kwa kunijulisha.

Dereva_Arusha
Hao wageni wenyewe wana kibali? Nijuavyo mimi wanaingia kwa viza ya matembezi ya dola 50, siku tisini, kisha wanapiga kazi humu.

FundiKodi
Dola 50 kwa wengi, Mmarekani analipa 100. Zanzibar anaongeza bima ya lazima ya dola 44 tangu Oktoba 2024. Ila umegusa penyewe. Viza ya matembezi ni ya matembezi. Kenya wameliona hilo, wakaweka kibali chao maalumu cha watu hawa, cha mwaka 2023 kama sikosei.

BintiKilifi
Ni 2024, kibali cha daraja N. Sharti kipato kitoke nje ya Kenya na kiwe kikubwa. Wengi hapa pwani hawana habari nacho. Wanaingia kwa idhini ya mtandaoni kama watalii, basi.

FundiKodi
Sahihi, ni 2024. Na wajue pia kwamba ukifikisha siku 183 ndani ya mwaka unahesabika mkazi kwa ajili ya kodi ya mapato, huku kwetu na Kenya vilevile. Mtu anayezunguka anadhani hana mwenyewe, kumbe anajikusanyia deni. Na wewe Mtembezi, raia, hizo fedha za tafsiri zinazotoka nje unazitolea hesabu?

Mtembezi_wa_Korogwe
Nina namba ya mlipakodi na ninawasilisha ritani. Sikuja hapa kukaguliwa. Niliuliza kuhusu maisha ya kazi, naona tumeshafika kwa mwenye nyumba wa Paje.

Mama_wa_Mkahawa_Jambiani
Tumefika huko kwa sababu huko ndiko unakokwenda kukaa. Au ulidhani unasafiri mahali pasipo na watu?

Kaka_wa_Programu
Mimi natengeneza programu, na sababu iliyonirudisha Dar hakuna aliyeigusa: kuaminika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, nilikuwa kisiwani Mafia. Mwenzangu wa Dar alihangaika, mimi nilipotea kabisa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, tukakaa siku kadhaa bila kujibu mtu. Mteja wa Ujerumani hajui uchaguzi wetu wala nyaya zetu. Anajua umetoweka na kazi yake. Nilimpoteza mmoja hivyo hivyo. Mtu akikwambia unaweza kufanya kazi popote, muulize kama mkataba wake una kipengele cha nchi kuzimwa.

Dereva_Arusha
Mkuu, hilo lingekukuta hata ukiwa Dar. Halihusiani na kusafiri.

Kaka_wa_Programu
Linahusiana. Ukiwa na ofisi na historia, mteja anakusubiri. Ukiwa mtu wa kuhamahama tayari ana wasiwasi na wewe, anangoja sababu tu.

BintiKilifi
Hapo nakubaliana. Mimi hata mandhari ya nyuma yangu naificha kwenye simu za video, wasione mnazi. Wakiona mnazi wanaona uvivu. Mzungu akiwa na mnazi nyuma yake wanamwambia anajua kuishi.

Chande_K
Hilo dada umesema kweli tupu.

Mzee_Usambara
Wanangu, nimewasoma wote. Huku Lushoto vijana wa aina hii wanakuja, na mimi nawapokea. Nimeweka meza nne kwenye ukumbi wa nyumba yangu, viti vya mgongo mrefu alivyochonga fundi wa hapa Soni, betri ya sola ya dharura, na bei kwa saa imeandikwa ukutani. Chai wanalipia mbali. Hakuna anayenuniwa na hakuna anayejificha. Mama wa Jambiani, tenga pembe moja ya mkahawa, toza kwa saa. Anayetaka chai tu akae mbele.

Mama_wa_Mkahawa_Jambiani
Shikamoo mzee. Nitalifanyia kazi. Saa moja unatoza ngapi? Na wakilipa saa mbili wakakaa tano, nani anawaambia?

Mwalimu_wa_Paje
Na kabla ya bei za meza, kuna mtu hapa anajua nyumba ya kodi ya shilingi, Paje au Bwejuu, mkataba wa mwaka mzima? Muhula unaanza wiki ijayo.

Mtembezi_wa_Korogwe
Mwalimu, ninapofikia nikija huko kuna chumba na ukumbi nyuma, mwenye nyumba ni mama mtu mzima, hapendi wapangaji wa miezi mitatu. Nimekuandikia faragha. Ila maji ni ya kisima, na umeme ni huo huo mnaoujua.

Mwalimu_wa_Paje
Nimeuona ujumbe. Kesho nikitoka darasani nitampitia. Umwambie usiku huu kwamba nakuja na mke na mtoto mmoja, asije akadhani ni mtu wa laptopu.