Kozi za ualimu chuoni na mtaala mpya wa shule: idara ianzie wapi?

Kihesa_Juu:
Kamwene wakuu. Naomba mawazo ya wanaoandaa walimu ngazi ya shahada huku Nyanda za Juu Kusini. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika shuleni kwa awamu Januari 2024. Mwanachuo aliyezoeshwa andalio la somo la "utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho" akifika BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni) anadaiwa umahiri mkuu (uwezo mpana anaotakiwa kuupata mwanafunzi) na umahiri mahususi (sehemu ndogo za uwezo huo), anabaki kuduwaa. Idara inaweza kurekebisha nini yenyewe, na nini lazima kisubiri TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania)?

Nyanda_Mwalimu:
Mkuu, tenganisha mambo mawili. Kuongeza au kufuta kozi na kubadili jumla ya krediti kunapanda kutoka idara hadi bodi ya kitivo, Seneti, kisha TCU. Mifano ya darasani, kazi za wanachuo na marejeo hayahitaji safari hiyo. Kikao cha idara kinatosha.

Anzeni na jedwali la ulinganifu. Chukueni muhtasari (silabasi) wa TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, wa somo moja tu. Kila umahiri mahususi uwe mstari, kila kozi iwe safu. Andikeni F pale unapofundishwa, Z pale mwanachuo anapoufanyia mazoezi, P pale anapopimwa. Mara nyingi F zinajaa na P zinahesabika kwa vidole. Hapo ndipo penye kazi, maana mwanachuo hukazania kile kinachopimwa.

Na tafadhali, mhadhiri wa Kemia au Jiografia apewe muhtasari huo kabla ya kikao. Mkimwachia mwalimu wa mbinu za kufundishia peke yake, kemia ya chuo na ya kidato cha kwanza hazitakutana.

Mtaa_wa_Tukuyu:
Ndaga fijo kwa jedwali. Naongezea kwenye upimaji. Tuseme somo ni kutenganisha mchanga na chumvi. Zamani ilitosha kuandika "mwanafunzi aweze kutaja njia za kutenganisha". Sasa muhtasari una vigezo vya upimaji, kwa hiyo mwanachuo aandike ataona nini: mchanga umebaki kwenye kitambaa, maji yaliyochujwa hayana punje, chumvi imebaki sufuriani maji yalipokauka, na mwanafunzi ameeleza kwa nini chumvi ilipita kwenye kitambaa na mchanga haukupita. Hilo la mwisho wengi wanaliruka, na ndilo linaloonyesha kama ameelewa.

Afanye zoezi zima chuoni kwa dakika 40, wenzake wakiwa wanafunzi, na chupa ya maji iliyokatwa iwe faneli. Akipangiwa shule isiyo na maabara kule Makete au Ileje, hatakwama.

Kosa jingine ni kunakili shughuli ya muhtasari kama ilivyo na kuiita andalio. Shughuli moja inaweza kula vipindi kadhaa. Asipoigawa, kengele inalia maji hayajachemka.

Kihesa_Juu:
Nimeelewa. Muda wa mazoezi hayo utatoka wapi?

Nyanda_Mwalimu:
Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanachuo, zikiwemo za mazoezi na kujisomea, siyo mihadhara tu. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Hamishieni saa 10 za mihadhara kwenye mazoezi ya kufundishana. Jumla inabaki ile ile. Ila mgawanyo huo uandikwe kwenye maelezo ya kozi na upitishwe kwa utaratibu wa chuo, usiishie kwenye ratiba ya ukutani.

Mtaa_wa_Tukuyu:
Kabla ya BTP ijayo angalieni pia fomu ya tathmini. Kama alama nyingi ziko kwenye mavazi, sauti na mwandiko wa ubaoni, mwanachuo atafuata hizo hata jedwali lenu likiwa zuri kiasi gani. Upimaji upewe uzito wake, na mhadhiri aombe kuona kazi tatu za wanafunzi baada ya kipindi.

Halafu ombeni kwa wakuu wa shule mhadhiri ahudhurie vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini). Walimu wakikaa pale wanasema wazi ni sehemu ipi ya muhtasari inawasumbua. Yaandikeni, muyarudishe kwenye jedwali lile lile.