Naomba ushauri: fundo langu la panchang linapinda nikilikaza

Habari zenu wadau. Huu ni mwaka wa pili nasuka mafundo ya mapambo ya Kichina, yale mekundu yanayoning'inizwa majumbani wakati wa Mwaka Mpya wao. Ninachokipenda ni kwamba fundo zima ni kamba moja isiyokatwa, na mbele na nyuma yanafanana.

Sasa nimebuni langu mwenyewe: katikati panchang, lile fundo lisilo na mwisho ambalo ni moja ya alama nane za baraka za Kibuddha, na pembeni mafundo mawili madogo yenye umbo la majani. Likiwa bado kwenye ubao, limeshikwa na pini, linapendeza mno. Nikichomoa pini na kuanza kukaza, masikio (vile vitanzi vya pembeni) ya kulia yanavimba, ya kushoto yanamezwa, na katikati panakwenda mshazari. Navuta ulegevu taratibu kutoka katikati kuelekea ncha zote mbili, kama nilivyofundishwa. Natumia kamba ya satini ya milimita 2, mita 3. Je, utelezi wa satini ndio unaniponza? Nihamie nailoni iliyosukwa?

La pili, nataka kuwagawia wenzangu mchoro wake bure. Nimekata mstari kila kamba inapopita chini, nimetumia rangi mbili, lakini rafiki yangu alijaribu akapotea safu ya tatu. Mnaochora, mnaonyeshaje njia ya kamba hadi mgeni aifuate? Niweke namba kwenye kila pini, au nichore hatua kwa hatua?